Kodi ya Vyumba Mjini Glasgow

Apangaye chumba katika nyumba ya watu wengi, akiongezewa kodi, mara nyingi hana la kufanya ila kulipa au kuhama. Ndivyo ilivyokuwa Glasgow, katika nchi ya Scotland, wakati wa vita, mwaka 1915. Huko jamaa nzima ilikaa chumba kimoja au viwili, na choo cha shirika kilikuwa ngazini. Watu walipomiminika kuunda meli na silaha, wenye nyumba walipandisha kodi, na waume wengi walikuwa vitani.

Basi wanawake wa mtaa wa Govan, wakiongozwa na Mary Barbour, waliikataa nyongeza. Kila walipokuja watumishi wa korti kumtoa mpangaji, kengele ililia, na wanawake wakajaa mlangoni wakiwarushia unga; silaha hiyo yatupendeza kuliko bunduki. Tarehe 17 Novemba wapangaji 18 waliitwa kortini kwa deni hilo. Maelfu waliandamana nao, na mashtaka yakaondolewa. Mwezi wa Desemba Bunge la Uingereza lilitoa sheria: kodi irudi kama ilivyokuwa Agosti 1914, wala mpangaji alipaye asitolewe ovyo. Ilikusudiwa kwa siku za vita tu, lakini vita vilipokwisha Bunge liliiendeleza.