Kibali na Deni la Ardhi: Makaa ya Mawe ya Black Mesa

Mchimbaji wa makaa ya mawe hufika na kibali mkononi, na huondoka akiacha shimo. Kwa muda mrefu sheria za dunia zilishughulika na kufika kwake tu. Huko Marekani, milima ya Appalachia ilipasuliwa, udongo ukamwagwa mabondeni, na mito ikaharibiwa na maji makali yatokayo machimboni. Majimbo kadhaa yalitunga sheria, lakini kila jimbo lilichelea kukaza kamba mno, wachimbaji wasije wakahamia kwa jirani. Tarehe 26 Februari 1972 bwawa la taka za makaa lilipasuka huko Buffalo Creek, West Virginia, likaua watu 125.

Bunge likapitisha muswada wa sheria moja kwa nchi nzima. Rais Ford aliukataa mwaka 1974, akaukataa tena mwaka 1975. Rais Carter ndiye aliyetia sahihi, tarehe 3 Agosti 1977.

Sheria hiyo ilisimamishwa juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni muda: kwa kawaida kibali hakizidi miaka 5, na atakaye kuongezewa hana budi kuomba siku 120 kabla hakijaisha, na wananchi watangaziwe wapate kusema lao. Ya pili ni wajibu: udongo wa juu uwekwe kando, shimo lifukiwe, ardhi irudishwe karibu na umbo lake la asili, kisha ipandwe mimea. Ya tatu ni dhamana: kabla ya kuchimba, mchimbaji huweka rehani itoshayo kuitengeneza ardhi endapo atashindwa. Rehani hiyo hurudishwa kidogo kidogo. Shimo likifukiwa na kusawazishwa, anaweza kurudishiwa asilimia 60. Ya mwisho haitoki mpaka ipite miaka 5 tangu upanzi wa mwisho, na penye mvua haba, miaka 10.

Hata hivyo, sheria hiyo ilimpa mchimbaji haki ya kuongezewa muda. Apingaye ndiye abebaye mzigo wa kuthibitisha kwamba masharti yamevunjwa. Kwa hiyo mwananchi aishiye kando ya shimo hana budi kushindana na wataalamu wa kampuni kwa takwimu za maji na udongo, ambazo mara nyingi kampuni yenyewe ndiyo iliyozikusanya.

Jambo hilo lilionekana wazi huko Black Mesa, uwanda wa juu ulioko kaskazini mashariki mwa Arizona, katika ardhi ya Wanavajo na Wahopi. Kwa mikataba ya mwaka 1964 na 1966, kampuni ya Peabody ilikodi ekari zipatazo 65,000. Migodi ikawa miwili. Makaa ya mgodi wa Kayenta yalikwenda kwa reli kwenye kituo cha umeme karibu na Page. Yale ya mgodi wa Black Mesa yalisagwa, yakachanganywa na maji, yakasukumwa katika bomba la maili 273 mpaka kituo cha Mohave, Nevada. Maji hayo yalichotwa chini ya ardhi, katika nchi kame ambayo chemchemi zake ni uhai wa mashamba ya mahindi, na kwa Wahopi ni mahali patakatifu pia.

Mwaka 1990 mgodi wa Kayenta ulipewa kibali cha kudumu, lakini uamuzi juu ya mgodi wa Black Mesa uliahirishwa kwa sababu ya shaka ya maji. Kuahirisha huko hakukuusimamisha mgodi: uliendelea kwa ruhusa ya muda mpaka mwisho wa mwaka 2005, kituo cha Mohave kilipofungwa. Mwaka 2008 ofisi ya serikali ilitoa kibali kipya cha kuiunganisha migodi hiyo miwili. Wakazi na watetezi wa mazingira walikata rufani, na Januari 2010 hakimu alikitangua, kwa kuwa mpango ulikuwa umebadilika bila athari zake kuchunguzwa upya ipasavyo.

Haifai kusahau upande wa pili. Makaa hayo yaliwapa watu wengi kazi, na mrabaha wake ulikuwa sehemu kubwa ya mapato ya serikali ya Wahopi. Kituo cha karibu na Page na mgodi wa Kayenta vilipofungwa mwaka 2019, mishahara ilikatika kwa ghafula. Mashimo yalikuwa bado yapo.

Hapo ndipo thamani ya dhamana hupimwa. Mwaka 2016 Peabody ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na katika majimbo kadhaa dhamana zake, zaidi ya dola bilioni 1, zilikuwa ahadi ya kampuni yenyewe tu, bila fedha iliyowekwa kando. Baadaye ilizibadilisha, lakini hatari ilikwisha kuonekana.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Sheria ya 1977 yakubali: kibali chaweza kuisha au kufutwa, wajibu wa kutengeneza ardhi haufi. Lakini deni hulipwa pale tu mwenye kudai ana rehani mkononi na sauti barazani. Kila kibali kinapoongezwa muda, swali la haki si kiasi cha makaa kilichobaki, bali ni ardhi gani imekwisha kurudishwa, na nani ataimaliza iliyosalia.