"Tuliweka mtandaoni" dhidi ya "hatukuulizwa": kwa nini wote wawili wanaweza kuwa wakweli

1/ Kila panapozuka zogo Mombasa kuhusu kiwanda, jaa la taka au barabara mpya, utasikia sentensi mbili. Ofisi: "Tangazo liliwekwa mtandaoni na maoni yakaombwa." Mtaa: "Sisi hatukuulizwa." Halafu mjadala unageuka kuwa nani mwongo. Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Unaeleza tulifikaje hapa, na kwa nini mara nyingi hakuna mwongo kati yao. Ni mrefu kidogo, chukua chai.

2/ Tuanze zamani. Bara ya Mombasa ndiko mji ulikopeleka kazi zake nzito. Saruji ya Bamburi ilianza kuzalishwa 1954, upande wa Kisauni. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi 1963. Mitambo ya umeme ikaja Kipevu. Ajira zilipatikana, na moshi pia. Miaka hiyo hakukuwa na sheria iliyomlazimu mwenye mradi kumuuliza jirani. Kulikuwa na baraza la chifu, lakini pale mara nyingi watu walikuwa wanaambiwa.

3/ Si kwamba kila kilichoamuliwa bila kuuliza kilikuwa kibaya. Mwaka 1971, kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi, Rene Haller alianza kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu, na leo pale ni Haller Park, watoto wa shule wanaenda kuona viboko. Zuri sana. Lakini angalia lilivyokuja: kampuni ilipenda, ikafanya. Ingekuwa haikupenda, jirani hangekuwa na pa kwenda kudai. Usipokuwa na haki ya kuulizwa, unaishi kwa hisani.

4/ Sheria ikaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilipitishwa 1999, ikaanza kutumika Januari 2000. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ikaanza kazi 2002. Kanuni za 2003 zikasema mwenye mradi mkubwa, wakati wa kutathmini athari kwa mazingira, abandike matangazo karibu na eneo, atoe tangazo kwenye gazeti la kitaifa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na aitishe angalau mikutano mitatu na watakaoathirika.

5/ Kwa karatasi, hiyo ni sheria nzuri kweli. Tatizo lilikuwa kwenye ripoti yenyewe. Tangazo lilikuja kwa lugha ya mwenyeji, ripoti ikabaki kwa Kiingereza cha wataalamu, kurasa kwa mamia, ndani ya ofisi. Na tangazo jingine lilitoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Hebu uliza Likoni, kwenye foleni ya feri, ni wangapi wamewahi kulishika Gazeti Rasmi mkononi.

6/ Sasa tuje Owino Uhuru. Ni kijiji cha mabanda karibu na Mikindani, wakati huo kikiwa ndani ya Changamwe, siku hizi Jomvu. Mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kiwanda kikaanza kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Risasi ni sumu. Inaingia kwa vumbi, moshi na maji, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa sababu inaharibu ubongo unaokua.

7/ Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Soma hapo tena: kiwanda tayari kinafanya kazi, ndipo tathmini inashughulikiwa. Wataalamu wakaona kiwanda kiko karibu mno na watu. Muda si mrefu mwanawe mwenyewe, aliyekuwa bado ananyonya, akaugua, na damu yake ikakutwa na risasi. Omido akaacha kazi, akaanza kuhamasisha majirani.

8/ Yaliyofuata yako kwenye kumbukumbu. Waliandika barua, wakaandamana, na 2012 Omido akakamatwa, baadaye mahakama ikamwachilia huru. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kesi ya wakazi ikaingia mahakamani 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

9/ Hesabu mwenyewe: kutoka 2007 hadi mwisho wa 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kinafunguliwa alikuwa karibu kuchukua kitambulisho siku hukumu ya mwisho inasomwa. Wapo waliokufa wakingoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa swali moja ambalo lingeulizwa kabla ya betri ya kwanza kuyeyushwa: nyinyi mnaolala hapa, mnasemaje?

10/ Wakati kesi hiyo inajengeka, sheria nazo zilikuwa zinabadilika. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, ikampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 kikaitaka serikali ihimize umma kushiriki kuyalinda. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikataja njia ambazo kaunti itumie kushirikisha watu, na ya kwanza kwenye orodha ni majukwaa ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Kwa hivyo anayesema mtandao ni ujanja mpya wa maofisa, hapana. Umo ndani ya sheria.

11/ Na Wakenya hatukungoja sheria. Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, vijana wa hapa nchini walitengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa kwa SMS na barua pepe na kuzionyesha kwenye ramani. Mwaka 2010 mafuta yalipomwagika Ghuba ya Meksiko, wanamazingira wa Louisiana, Marekani, walitumia programu hiyohiyo kukusanya ripoti za wakazi. Chombo cha Kenya kilifika kwa majirani wa mafuta ng'ambo.

12/ Lakini lichunguze hilo jina. Ushahidi hutolewa baada ya jambo kutokea. Ni kazi muhimu: picha ya moshi, video ya maji machafu yakiingia mkondoni, leo zote zinasambaa WhatsApp kwa dakika. Kushiriki kwenye uamuzi ni kitu kingine, kinatakiwa kitangulie. Mtaa ambao una simu elfu moja za kupiga picha ya moshi, na hauna hata moja iliyopata ripoti kabla ya leseni, bado haujashirikishwa.

13/ Kwamba wakati ndio unaoamua, tuliliona kwa jirani zetu wa Lamu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipewa leseni ya NEMA mwaka 2016. Wenyeji wakakata rufaa. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni. Mikutano ilikuwa imefanyika, haikukanwa. Jopo likasema ile ilikuwa ya utangulizi tu, kabla ya utafiti. Utafiti ulipotoka na madhara kujulikana, watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuuzungumzia.

14/ Basi chukua kipimo hicho ukipeleke kwenye linki za leo. Siku hizi NEMA huweka ripoti kwenye tovuti yake na kupokea maoni kwa barua pepe. Faida ipo, tusiidharau. Mtu wa Likoni halazimiki kuvuka feri na kupoteza siku ya kibarua ili kusoma faili. Mwanafunzi wa Kisauni anaweza kuishusha ripoti usiku, aitafute sura ya maji, awasomee wenzake. Omido na majirani zake hawakuwa na njia rahisi namna hiyo.

15/ Hasara nazo zipo. Faili la kurasa 300 kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, bando la shilingi 20, na Kiingereza cha kitaalamu: hiyo si ripoti, ni ukuta. Mama muuza samaki anayeijua ile bahari kuliko mtaalamu yeyote hatajaza fomu ya mtandaoni. Kwa hivyo maoni yanayofika ni ya wenye muda, wenye lugha na wenye kompyuta. Halafu ofisi inahesabu barua pepe na kusema "umma umeridhia".

16/ Kuna kitu kingine hatukisemi sana. Kwenye baraza, ukiuliza swali, jirani yako analisikia, na afisa akikwepa wote wanamwona akikwepa. Fomu ya mtandao humeza. Unatuma, unaambiwa asante, basi. Hujui wengine walisema nini wala maoni yako yalibadilisha nini. Chombo ambacho hakionyeshi majibu kimechukua ubaya wa baraza la zamani na kuacha uzuri wake.

17/ Tuwe wa haki kwa upande wa ofisi. Watasema: mtandaoni ujumbe mmoja hunakiliwa mara mia, uvumi unapaa, na kila kucheleweshwa kwa mradi kunagharimu ajira. Hoja hizo zina uzito, hasa kwa kijana wa Changamwe asiye na kazi. Lakini weka na gharama ya upande wa pili kwenye mizani: bilioni 1.3 za fidia kwa kijiji cha watu wapatao 3,000, bila kuhesabu maisha. Mikutano mitatu ingekuwa bei rahisi.

18/ Tena mtandao unaweza kuwashindanisha wanyonge. Jaa la Kibarani, pale unapoingia kisiwani, lilifungwa 2018, na taka zikaelekezwa Mwakirunge, Kisauni. Kibarani inaonekana na kila mgeni, kwa hivyo kelele zake zilikuwa kubwa. Mwakirunge iko ndani, mbali na macho. Uamuzi wa kufunga huku ni uamuzi wa kufungua kule. Ukihesabu "likes" peke yake, mwenye sauti kubwa anashinda na taka zinamfuata asiyesikika.

19/ Kwa hivyo ukisikia kwenye mdahalo "tuliweka mtandaoni", usipinge, uliza matano. Liliwekwa lini, kabla ya leseni au baada? Ripoti nzima au tangazo tupu? Muhtasari wa Kiswahili uko wapi? Asiye na intaneti alifikiwaje, na mkutano ulifanyika mtaa gani? Na majibu: maoni gani yalikataliwa, na kwa sababu ipi? Ukisikia "hatukuulizwa", uliza pia: mkutano ulipoitishwa, nani alienda?

20/ Na usikae tu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiomba ofisi ya umma taarifa kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ombi halina ada, na wanatakiwa wajibu ndani ya siku 21. Wakikataa, lalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Leseni ikitolewa na hujaridhika, rufaa kwa Jopo la Mazingira ina siku 60. Siku hizo hupita haraka, hasa mtaa ukizimaliza kwa kubishana kwenye kundi la WhatsApp.

21/ Narudi nilipoanzia. Ofisi inaposema iliweka mtandaoni, inazungumzia ilichotuma. Mtaa unaposema haukuulizwa, unazungumzia kilichofika. Kati ya kutuma na kufika ndipo Owino Uhuru ilipoangukia. Vibao vya matangazo, redio, sasa linki, vyote ni vyombo. Cha kupima ni kama mama wa pale alijua mapema, kwa lugha yake, na akajibiwa. Ukiwa na mfano wa mtaani kwako, wa Likoni, Kisauni au Changamwe, uandike hapa chini. Bila majina ya wanasiasa, tafadhali.