Ubao wa Kupakata

Katika lugha ya pwani neno chuo lilikuwa na maana mbili kabla halijawa jina la majengo makubwa yenye kumbi za mihadhara: lilikuwa kitabu, na lilikuwa pia mahali ambapo watoto hukisoma kitabu hicho, na mtu atakaye kuijua tarehe ya desturi ya mwanafunzi kuandika darsa, kulihifadhi na kulirudia, hana budi kuanzia hapo, barazani kwa mwalimu, juu ya mkeka, ambapo mtoto aliketi akiwa amepakata ubao wake.

Ubao huo, ambao wengine waliuita lauhu kwa kufuata Kiarabu, ndio uliokuwa daftari lake la kwanza. Kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi yaliyochanganywa na gundi ziliandikwa humo aya chache za siku ile, awali kwa mkono wa mwalimu na baadaye kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Naye akazisoma kwa sauti, akazikariri asubuhi na jioni, hata mwalimu aliporidhika kwamba zimekaa moyoni, ndipo ubao ulipooshwa kwa maji na kuanikwa, upate kupokea aya nyingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, hakusahau kueleza mambo ya chuoni, na haikuwa ajabu, kwa maana huko ndiko wengi wa kizazi chake walikokutana na herufi mara ya kwanza. Namwomba msomaji atue hapa kidogo. Maandishi yale yalikuwa mgeni wa siku mbili tatu, na mwanafunzi, kwa kuwa alijua kwamba maji yanakuja, hakuwa na njia ila kuyahamishia kifuani kabla hayajafutika. Kudurusu kulikuwa sharti la kupewa ruhusa ya kuandika tena.

Waliovuka daraja hiyo waliingia katika darsa za watu wazima, msikitini au nyumbani kwa sheikh, na mfano ulio mashuhuri ni Lamu, katika msikiti wa Riyadha uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Habib Swaleh. Huko kilisomwa kitabu kimoja cha fiqhi, tuseme Safina au Minhaji, sentensi baada ya sentensi, sheikh akitoa sharhi, na mwanafunzi akinukuu lililompita fahamu au lililomfungua macho katika ukingo wa karatasi, pale panapoitwa hashia. Mara nyingi matini yenyewe ilikuwa nakala ya mkono, kwa maana pwani ya kaskazini ilikuwa na mafundi wa kunakili, na mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulipata sifa kwa kazi hiyo. Ukingo ulikuwa mwembamba, na karatasi ilikuwa bidhaa ya ng'ambo isiyochezewa; basi mwenye kalamu alilazimika kupima lipi linastahili nafasi ile ndogo na lipi liachwe lipite na sauti ya sheikh. Mimi naamini kwamba katika upimaji huo, kabla ya wino kugusa karatasi, ndimo sehemu kubwa ya kujifunza ilimotendeka.

Vyuo vya namna ya Kizungu vilileta utaratibu mwingine. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kuwa skuli ya ufundi, ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Na Dar es Salaam, tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Katika kumbi hizo mhadhiri alisimama akasema saa nzima bila ya kumngoja mwenye kalamu, na daftari likajaa ukurasa kwa ukurasa. Jambo moja likageuka kimya kimya, nalo ni muda: baina ya kuandika na kurudia, ambapo palikuwa na siku mbili tatu, sasa palikuwa na miezi, hadi mtihani ulipokaribia. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio ya kukumbuka silabi zisizo na maana, alikuwa amekwisha kuonyesha katika kitabu chake cha 1885 kwamba usahaulifu una kasi kubwa zaidi katika saa na siku za mwanzo baada ya kujifunza. Mwalimu wa barazani, pasipo kuandika takwimu yoyote, alizikamata saa hizo hizo.

Kisha zikaja karatasi za stensili, na baada yake fotokopi, na katika vyuo vya Tanzania likazaliwa neno madesa, yaani maandishi ya masomo yanayopita mkono kwa mkono kutoka mwaka hadi mwaka. Desa lilimwokoa mwanafunzi asiye na fedha ya kununua kitabu, na kwa hilo lastahili heshima. Lakini kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuwa na darsa zima ambalo hakuliandika hata neno moja.

Ama kompyuta, safari yake kwetu haikunyooka. Mwaka 1972 Alan Kay wa Marekani aliandika juu ya mashine yenye ukubwa wa kitabu, ambayo aliikusudia kwa watoto wa kila umri; miaka miwili baadaye, mwaka 1974, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, katazo lililolegezwa baadaye. Kompyuta ya Osborne 1, iliyotoka mwaka 1981 ikasifiwa kuwa ya kubebeka, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11, mzigo wa mezani na wala si wa mapajani. Kompyuta ilipokwisha kuwa nyepesi, na hasa baada ya waya wa intaneti wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam kupitia baharini mwaka 2009, ndipo ilipoenea katika vyuo vyetu, nayo ikapata jina ambalo kila nilisikiapo hunifurahisha: kompyuta mpakato, na kwa Wakenya kipakatalishi, kutokana na kupakata, kama mama apakatavyo mwana, na kama mtoto wa chuoni alivyoupakata ubao wake.

Lakini ubao huu mpya hauoshwi. Vidole vilivyozoea hukimbia sawa na ulimi wa mhadhiri, na mwanafunzi hurudi katika imla, akiandika kila neno kwa sababu nafasi haina ukingo. Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha mwaka 2014 majaribio yao ya Marekani, ambamo wenye kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, aghalabu yale yale ya msemaji, na wakashindwa na wenye kalamu katika maswali ya kufahamu maana. Hata walipoonywa wasiandike neno kwa neno, waliandika. Wengine waliorudia jaribio hilo mwaka 2019 hawakuiona tofauti iliyo thabiti, nami sioni haja ya kuilaumu mashine; lililo muhimu ni namna ya kuandika na kurudia. Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika kitabu cha 1962, aliwausia wanafunzi waache ukingo mpana upande wa kushoto, waandike humo maneno machache ya kuwakumbusha, kisha waifunike sehemu iliyobaki na kuisema kwa sauti. Mzee wa Lamu angeitambua hashia mara moja, na mtoto wa barazani angeitambua sauti. Na kompyuta mpakato haimzuii mtu kufanya lolote katika hayo, jioni ile ile ya siku ya mhadhara.

Miswada ya Riyadha imekwisha kupigwa picha, kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Mwanafunzi wa Mlimani aweza usiku huu kuipakata kompyuta yake, akaifungua karatasi ya Lamu, akaikuza, na kuziona pembeni mwa matini herufi ndogo za mwanafunzi mwenziwe, zilizobanwa katika nafasi aliyokuwa nayo.