Chombo cha Kuazima na Sauti ya Mwenyewe

Sisi tukaao Buzebazeba twasikia sauti za namna mbili siku ya Jumapili: kanisani twaimba nyimbo nyingi zilizotungwa Ulaya, na jioni ngoma za Kiha zalia. Vijana hutuuliza, "Mwalimu, je, ajifunzaye muziki wa wageni hana budi kuuacha wake?" Tumeona vema kuwajibu kwa habari za Wajapani, maana swali lilo hilo liliwapata wao pia.

Mwaka wa 1879, mwaka ule ule Mapadre Weupe walipofika Ujiji, serikali ya Japani ilianzisha ofisi ya mafundisho ya muziki, ili watoto wa shule wafundishwe kuimba kwa kufuata elimu ya Kizungu. Mkuu wake alikuwa Isawa Shuji, aliyekuwa amesoma Marekani. Baadaye vijana walivuka bahari kwenda kusoma Ujerumani. Mmoja wao, Kosaku Yamada, alitunga simfonia huko Berlin mwaka wa 1912, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kutungwa na Mjapani. Simfonia ni utungo mrefu wa okestra, yaani kundi kubwa la wapiga fidla, zumari, tarumbeta na ngoma, wakiongozwa na mtu mmoja. Kazi ya Yamada ilikuwa njema, lakini sauti yake ilikuwa ya Kijerumani.

Baada yake alitokea Toru Takemitsu, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Huyu katika ujana wake alizichukia sauti za Kijapani, kwa kuwa zilimkumbusha vita. Lakini alipokwisha kuwa mtu mzima alizisikiliza upya, akatambua ya kuwa amekuwa akikimbia mali yake mwenyewe. Mwaka wa 1967, okestra kubwa ya New York ilipiga utungo wake uitwao November Steps. Mbele ya okestra waliketi Wajapani wawili: mmoja alipiga biwa, kinanda kifananacho na gambusi, wa pili alipuliza shakuhachi, filimbi ya mwanzi. Takemitsu hakuvilazimisha vyombo hivyo kuiga fidla. Kila kimoja kilisema kwa lugha yake.

Wala tusidhani mambo haya ni ya mbali. Mwaka ule ule wa 1912, Goro Morita wa mji wa Nagoya alibuni kinanda kiitwacho taishokoto. Kina nyuzi juu ya ubao mrefu. Mpigaji hubonyeza vitufe, kama vya mashine ya kupigia chapa, kwa mkono wa kushoto, na kupiga nyuzi kwa mkono wa kuume. Kinanda hicho kilienea hata India, kikafika na Mombasa, na watu wa taarabu wakakipokea. Chasikika katika nyimbo za Zuhura Swaleh, mwimbaji mashuhuri wa mji huo. Je, nyimbo hizo zimekuwa za Kijapani? Hasha! Ni za Kiswahili tupu, kwa maneno na kwa mwendo.

Basi, vijana, jifunzeni kinanda na fidla bila hofu, wala msiione haya ngoma ya babu zenu. Mtungi waweza kuazimwa kwa jirani, lakini maji tutayateka wenyewe. Mwacha mila ni mtumwa.