Faustin Linyekula: Mcheza Ngoma Aliyerudi Kisangani

Huku Nyamwaga, kama kwingineko Tarime, iritungu hupigwa mgeni rasmi anapowasili. Wachezaji hukanyaga ardhi kwa viatu vyao vizito vya mbao. Hotuba zikianza, wao huketi pembeni, juani. Mazoea hayo yana historia. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kisha likaundwa kundi la taifa la ngoma. Kundi lilivunjwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981, lakini swali la nani mwenye ngoma, mchezaji au dola, halikujibiwa.

Jirani zetu wa Kongo walilipata swali hilo kwa ukali zaidi. Katika Zaire ya Mobutu, wanafunzi na watumishi wa umma walilazimika kuimba na kucheza kumsifu Rais. Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu karibu na Kisangani mwaka 1974, alikulia humo. Alikuwa mwanafunzi wa fasihi na tamthilia hadi serikali ilipofunga vyuo vikuu, akaenda Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la dansi ya kisasa la Gàara, na mwaka uliofuata kazi yao ilipata tuzo Luanda.

Mwaka 2001, nchi ikiwa vitani, alirejea Kinshasa na kuanzisha Studios Kabako akiwa mtunzi wa dansi na mkurugenzi wa sanaa. Katika onyesho lake la mwaka 2005 kuhusu tamasha la uongo, hotuba za viongozi wa Kongo husikika huku wachezaji wakicheza, bendi ikipiga, na watazamaji wakila na kunywa. Ni usiku wa starehe unaogeuka kuwa kikao cha kuhesabu ahadi. Miili iliyofunzwa kumsifu mtawala sasa inamjibu. Hapo ndipo ninapouona uzito wake katika historia ya siasa, si ya sanaa pekee.

Sifa za Ulaya zilikuja: Tamasha la Avignon, na Tuzo Kuu ya Prince Claus mwaka 2007. Kufikia wakati huo, hata hivyo, alikuwa ameanza kuihamishia kazi yake Kisangani, mji ambao majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani yake kwa siku sita Juni 2000. Mji haukuwa na ukumbi wa maana, kwa hiyo Kabako ikafanya kazi ambayo kwetu tungeitarajia kwa idara ya utamaduni: kufundisha vijana dansi, tamthilia, muziki na filamu, na kugharimia kazi zao. Fedha nyingi, tusifichane, zilitoka Ulaya, na uhuru wa namna hiyo una masharti yake. Lakini aliyeamua kijana wa Kisangani acheze nini, na mbele ya nani, hakuwa mkuu wa itifaki.