Mchanga, Mlima na Pampu ya Oili: Injini Zilivyoishi Umakondeni

Ford Model T, gari lililotengenezwa kwa mamilioni kati ya 1908 na 1927, halikuwa na pampu ya oili. Flaiwili yake ilizunguka ndani ya oili na kuirusha juu. Sehemu ya oili hiyo ikadakwa na faneli ndogo na kushuka kwa bomba jembamba hadi mbele ya injini. Konrodi zilijichovya zenyewe kila zilipofika chini. Barabarani pa tambarare mpango huo ulitosha kabisa. Kwenye mlima mrefu oili ilikimbilia nyuma, na konrodi ya kwanza, ile iliyo karibu na rejeta, ikabaki kavu. Petroli nayo ilishuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake tu, ndiyo maana madereva wengi wa enzi hizo walipanda miinuko mikali kwa rivasi.

Majeshi ya Uingereza yaliyatumia magari hayo Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Ukitafuta mahali pa kuyatesa zaidi, ni vigumu kupata pazuri kuliko ukingo wa Newala. Anayetoka Masasi hukuta uwanda wa Makonde umesimama mbele yake kama ukuta. Akishamaliza kuupanda, juu hakuna mto, na njia nyingi za kuelekea Tandahimba ni mchanga mtupu. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alikaa Newala na Mahuta, na aliandika jinsi wenyeji walivyoteremka mabondeni kufuata maji. Wakati huo kila kilichopanda uwanda kilipanda kichwani au begani, pamoja na mizigo ya Weule mwenyewe.

Kwa injini, basi, nchi hii ina mitihani miwili. Mwinuko huiondoa oili mahali pampu inapoifyonzea. Mchanga hupita kwenye filta ya hewa iliyochoka, huingia kwenye silinda, huteremka pembeni mwa pistoni na kuishia ndani ya sampu. Pampu ndiyo ya kwanza kuunywa, maana filta ya oili iko mbele yake. Kinachoilinda ni chujio la waya tu, na chujio hilo huzuia vipande vikubwa, haliwezi vumbi.

Somo la mchanga lilifundishwa kwa gharama kubwa na mpango uliofika hadi jirani tu, Nachingwea. Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulianza kazi Kongwa mwaka 1947 chini ya kampuni ya United Africa, ukakabidhiwa Overseas Food Corporation mwaka 1948, na jimbo la kusini, penye Nachingwea, likawa moja ya maeneo yake matatu. Kwa sababu trekta mpya hazikupatikana baada ya vita, zilinunuliwa za mtumba kutoka mabaki ya majeshi, nyingine mbali huko Ufilipino. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ikavigeuza vifaru vya Sherman kuwa trekta zilizopewa jina la Shervick. Ukiondoa ukubwa wake, huo ni utundu uleule wa vijana wa gereji wanaochukua mashine iliyoundwa kwa kazi moja na kuilazimisha kufanya nyingine. Trekta zilikufa kwa wingi, spea zilichelewa, na ardhi ya Kongwa ilikula majembe ya chuma. Januari 1951 London ilikiri kushindwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea.

Kusini pakabaki na bandari ya Mtwara, reli iliyong'olewa miaka ya 1960, na watu waliokwisha kushika spana. Mwaka huohuo wa 1951 shule ya ufundi ya Ifunda ilifunguliwa Iringa. Fundi wa magari akaanza kuwa mtu wa kawaida katika miji ya kusini.

Miaka ya 1950 ilileta injini za aina nyingine. Mradi wa maji wa Makonde ulisukuma maji kutoka bondeni hadi vijiji vya juu, na mtu aliyekuwa akitembea saa nyingi na ndoo akaweza kununua maji karibu na kwake. Baadaye, katika miaka ya 1970, wataalamu wa Kifini waliandaa mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi. Injini ya kituo cha maji ina raha yake: imefungwa kwenye sakafu ya zege, haipandi wala haishuki, inazunguka kwa spidi ileile tangu asubuhi. Pampu ya oili katika injini kama hiyo huweza kuzeeka kwa heshima. Si hivyo kwa ile ya lori linalotafuta njia mchangani kwa gia ya kwanza: injini inalia, hewa inayopita kwenye rejeta ni chache, oili inapata moto na kuwa nyepesi, na mshale wa presha unashuka.

Land Rover, iliyozinduliwa 1948, ilikuja na jibu rahisi. Pampu yake ilikaa ndani ya sampu, gia mbili zilizoshikana meno, ikizungushwa na shafti ya wima iliyochukua nguvu kwenye kamshafti. Hakuna mkanda wa kukatika. Ukiishusha sampu unaiona yote. Fundi huifungua, huweka rula ya chuma juu ya gia na kupitisha fila geji chini yake. Kama nafasi imezidi, kifuniko hukaguliwa, maana gia huchora duara juu yake taratibu hadi ukucha unakwama ukipitishwa. Hapo huchukuliwa kipande cha kioo kinene, msasa mwembamba ukalazwa juu yake na kulowekwa oili, na kifuniko kikasuguliwa kwa mwendo wa nane hadi duara lipotee. Kabla ya kufungwa, gia hujazwa oili au mafuta mazito ili pampu isianze kwa kufyonza hewa.

Kusugua kifuniko kulikuwa lazima. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 fedha za kigeni ziliadimika, na spea zikawa bidhaa ya kubembelezwa. Hata biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, kusini kulibaki na kikwazo chake: Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003 tu. Kabla ya hapo barabara ya Dar es Salaam ilitegemea kivuko, na masika ikikaza, safari iliahirishwa. Pampu mpya ingeweza kuwa Kariakoo na isimfae chochote mtu wa Tandahimba.

Ajabu ni kwamba watu waliokuwa na maduka ya spea kila kona walifika kwenye hoja ileile, kwamba kinachookoa injini ni vipimo sahihi. Katika miaka ya 1930 vijana wa California walikuwa wakivua madigadi ya Ford za mwaka 1932 na kuzishindanisha kwenye maziwa makavu kama Muroc, ambako vumbi si haba. Magari hayo yakaitwa hot rod, na kufikia Januari 1948 yalikuwa na jarida lake. Chevrolet ilipotoa injini yake ndogo ya V8 mwaka 1955, pampu ya oili ikafungwa nyuma, kwenye kofia ya beringi kuu, ikizungushwa na shafti inayotoka kwenye distributa. Wajenzi wengi wakakimbilia pampu za ujazo mkubwa, zenye gia ndefu zinazosukuma oili kama robo zaidi. Wengine walilipia tamaa hiyo. Katika spidi kubwa pampu hiyo huipeleka oili juu haraka kuliko inavyoweza kurudi, sampu ndogo ikakauka, na pampu ikameza hewa. Vilevile hula nguvu ya injini na kulemea gia ya distributa.

Kanuni waliyobaki nayo ni presha ya pauni 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Kama beringi zina nafasi sahihi, pampu ya kawaida huifikisha bila shida. Pampu kubwa ina haki yake pale beringi zilipoachwa na nafasi kubwa makusudi na sampu ikaongezwa. Kuifunga ili kuficha beringi zilizokwisha ni kujidanganya, ingawa gereji nyingi zimeshamuuzia mtu dawa hiyo.

Siku hizi injini nyingi zaidi wilayani Tandahimba ni za pikipiki. Kanuni za mwaka 2010 ziliipa bodaboda leseni, na nyingi ya pikipiki hizo zimenakili injini ya Honda CG125 ya mwaka 1976. Ina oili ya lita moja hivi, haina filta ya karatasi. Inategemea chujio la waya na kikombe kinachotupa uchafu pembeni kwa kuzunguka. Kijana anayepita mchangani na gunia la korosho nyuma ana akiba ndogo mno ya oili. Asipoibadilisha mapema, pampu ya aina yoyote haitamsaidia.

Barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi, kilomita 160, ndiyo iliyopangiwa lami, ila njia za kwenda mikorosho na maghala ya vijiji ni mchanga uleule. Anayejenga injini huko, iwe ya Land Rover kuukuu au ya gari la kuongezwa nguvu, aanze na filta ya hewa isiyovuja, aoshe chujio na sampu mpaka chini, apime nafasi za beringi, kisha anunue pampu halisi ya kipimo cha kiwandani, na hata hiyo mpya aifungue na kuipima kabla ya kuifunga.