Majini wa Kijuju Wanaposema Kiswahili

Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa gemu la Resident Evil 5. Mchezaji anashika bunduki na kuingia Kijuju, mahali pa kubuni palipowekwa Afrika Magharibi, ambako wenyeji wameingizwa vimelea na kugeuka wauaji. Wanaitwa Majini. Wanakuja kwa makundi wakiwa na mapanga na mashoka, na usipowaua wanakuua. Tena wanapokuja, wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Nililikuta gemu hilo Tunduma, kwenye chumba cha nyuma ya duka, huku nje malori ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, yakiwa kwenye foleni. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshaua watu wengi sana kwenye kioo na sikumbuki hata mmoja. Nilipolisikia neno la nyumbani likitoka kinywani mwa mtu niliyemlenga, kidole kilisita.

Mabishano kuhusu damu ya kwenye gemu yana umri wa karibu nusu karne. Mwaka 1976 kampuni ya Exidy ya Marekani ilitoa Death Race, mashine ya kutia sarafu ambayo mchezaji aliendesha gari na kuwagonga viumbe waliochorwa kwa vijistari vyeupe. Kila aliyegongwa alitoa ukelele, na pale alipoangukia pakaota msalaba wa kaburi. Wenyewe walisema hao si watu, ni mazimwi. Wazazi walipoangalia waliona watu wanaokimbia, wakapiga kelele nchi nzima. Mwaka huohuo Bunge letu la Tanzania lilipitisha sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, iliyotaka filamu zikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Magemu hayakuwa kwenye fikra za mtu yeyote hapa.

Kisha ikaja Mortal Kombat, 1992. Mshindi alimaliza pambano kwa kumng'oa mpinzani moyo au kichwa pamoja na uti wa mgongo. Gemu hilo lilipoletwa majumbani mwaka 1993, Nintendo waliigeuza damu kuwa jasho la kijivu. Sega waliiacha damu ikiwa imefichwa, ukibonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu inatokea. Toleo la Sega likauzwa zaidi, na mwaka uliofuata, kwenye Mortal Kombat ya pili, Nintendo nao wakaacha damu imwagike. Desemba 1993 maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl walikuwa wameshawaita wenye viwanda kujieleza, na 1994 wenye viwanda hao wakaanzisha wenyewe bodi ya kupanga magemu kwa umri wa mchezaji. Hadi leo alama ya bodi hiyo inachapwa kwenye kasha.

Sisi makasha hatukuyaona. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ilitufikia ikiwa imetumika, na diski zake zilikuwa za kukopi, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Gemu la Grand Theft Auto: San Andreas la mwaka 2004 liliingia hivyohivyo. Onyo la umri lilibaki Ulaya na Marekani. Watoto wa darasa la nne walikaa kwenye benchi la mbao wakisubiri zamu, na alama za siri za kupata silaha zilinakiliwa kwenye daftari la hesabu.

Wazee walisema magemu yatawafanya vijana wauaji. Nawaelewa, ila nakumbuka pia Mbozi, wilaya iliyokuwa na Tunduma ndani yake miaka ile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu waliuawa na kuchunwa ngozi ili iuzwe. Waliofanya vile hawakufundishwa na pedi ya gemu. Walikuwa wamemwona binadamu mwenzao kuwa bidhaa. Mwaka 2019 watafiti Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha uchunguzi uliohusu vijana wa Uingereza na walezi wao, wakakuta kwamba kucheza magemu ya ukatili hakukuendana na ukorofi wa vijana hao. Mimi naamini hivyo. Ninachokihofia ni wepesi wa kutomwona mtu.

Picha za mwanzo za Resident Evil 5 zilipotoka mwaka 2007, zilizua mjadala. Mwandishi N'Gai Croal wa Marekani alisema, kwa haki kabisa, kwamba picha zile za Mzungu mwenye bunduki akiwaua Waafrika zilifanana na picha za zamani za ubaguzi wa rangi. Mjadala ule ulikuwa wa rangi. Kwetu mpakani, ambako Mnyamwanga wa Tunduma na wa Nakonde wanatenganishwa na mstari tu, rangi haimtambulishi mtu. Lugha ndiyo inayomtambulisha. Waliotengeneza Kijuju walichukua Kiswahili, wakakipeleka Afrika Magharibi ambako hakisemwi, wakaeleza kwamba majini maana yake ni pepo wabaya. Yeyote aliyelelewa Pwani angewaambia wapo majini wema.

Siku ile niliishusha pedi. Mtoto aliyekuwa akisubiri zamu akaniomba, nikampa. Alicheza vizuri kuliko mimi, haraka, bila kupepesa. Kisha sauti ile ikatoka tena kwenye spika, akageuka kunitazama, na mtu wa kwenye kioo akamfikia.